Tupeane uzoefu: kupiga picha za ndege kwa simu kupitia darubini

Mgeni_Kilifi: Wakuu, nimenunua darubini ya mtumba, lenzi ya mbele milimita 60, inakuza mara 20 hadi 60. Nikiegesha simu kwenye kioo cha jicho napata giza lenye tundu la mwanga katikati. Nyie mlianzaje?

Bundi_wa_Sokoke: Anzia 20. Tumia kamera kuu ya simu, siyo ile pana, kisha kuza kidogo kwenye simu mpaka weusi utoke pembeni.

Furukombe: Mimi naenda 60 moja kwa moja. Ndege yuko mbali, 20 ya nini?

Bundi_wa_Sokoke: Gawa milimita 60 za lenzi kwa ukuzaji wa mara 60, mwanga unaotoka una upana wa milimita 1. Kwa 20 ni milimita 3. Wewe unapiga giza, mzee.

Furukombe: Picha zangu zinaonekana. Basi.

Mama_Mikoko: Mmenikumbusha Mida, ile hori ya mikoko kule Watamu. Walikuwepo wale ndege weupe wenye mgongo mweusi, wala kaa, wanaotaga kwenye mashimo ya mchanga huko Oman na Ghuba kisha wanatujia huku. Maji yalikuwa yanajaa, yanawasogeza kwangu hatua kwa hatua. Nimewasubiri tangu maji yamekupwa! Darubini ni ya shemeji, nimeazima. Stendi niliisimamisha kwenye tope, macho yote kwenye simu, kumbe mguu mmoja unadidimia. Nikagusa kioo nipige, ikalala kifudifudi ndani ya maji ya chumvi, simu ikachomoka. Nilipiga magoti nikipapasa tope huku ndege wote wanaruka. Simu haikuwaka tena. Darubini iliingia maji ndani. Nililipa miezi mitano. Imebaki picha moja niliyokuwa nimeshamtumia dada: ndege ana kaa mdomoni.

Jirani_wa_Gede: Pole sana dada. Tope lile nalijua.

Furukombe: Shemeji akudai miezi mitano? Huyo naye!

Mama_Mikoko: Usimseme. Hakudai, nililipa mwenyewe.

Kaka_Natroni: Chombo cha watu hulipwa. Hiyo picha iweke hapa tuione.

Jirani_wa_Gede: Naam, iweke!

Mgeni_Kilifi: Mama pole. Sasa stendi niisimamisheje?

Kaka_Natroni: Vibao chini ya miguu, na mfuko wa mawe uning'inie katikati.

Bundi_wa_Sokoke: Mfuko ukipigwa na upepo unayumbisha kila kitu. Fupisha miguu, ukae chini. Weka kamera ijipige baada ya sekunde 2, usiiguse.

Kaka_Natroni: Mimi nachukua video, nachomoa picha humo. Na mapema! Jua likipanda hewa inachezacheza, heroe wanageuka mawimbi.

Jirani_wa_Gede: Darubini isielekee jua hata kidogo. Jicho halina spea.

Mgeni_Kilifi: Nimerudi. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara 20, sekunde 2. Mdiria kwenye waya wa umeme, hadi jicho lake linaonekana. Mama_Mikoko, bado tunasubiri yule wa kaa.