Mashindano ya modeli Mbeya: tupange washindi kwa nafasi, kwa kiwango au kwa kura?

Mdau_Iyunga

Wakuu, habari za majukumu.

Klabu yetu ya modeli, yaani magari, ndege na treni ndogo za kuigiza zile halisi, hapa Mbeya imekua. Ilianza na vijana wa mabasi ya karatasi ngumu, wakaongezeka wanachuo wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na seti zao za plastiki za ndege na vifaru, na sasa tunao hata wanaounda mabehewa. Tunajiandaa kwa mashindano ya wazi, kwa hiyo wa Iringa, Njombe, Makambako, Tukuyu na Songwe mnakaribishwa. Ukumbi upo na meza zipo. Tumekwama kwenye namna ya kupata washindi, na naomba tulijadili hapa kabla ya kikao, maana kikaoni wenye sauti kubwa ndio husikika.

Njia ya kwanza ni nafasi: kila kundi linatoa wa 1, wa 2 na wa 3, na majaji wanalinganisha modeli kwa modeli. IPMS, chama cha wajenzi wa modeli za plastiki kilichoanzia Uingereza mwaka 1963, kina tawi Marekani ambalo limeendesha mashindano yake ya taifa hivi kwa miaka mingi.

Ya pili ni kiwango. Modeli hailinganishwi na jirani yake. Inapimwa kwa vigezo vilivyoandikwa, na ikifikia alama za dhahabu inapata dhahabu, hata kama meza nzima imepata dhahabu. AMPS, chama cha Wamarekani wa modeli za magari ya kivita, wanakwenda kwa mtindo huu: majaji wanne, kila mmoja anatoa alama zisizozidi 10, alama ya chini kabisa inaondolewa, zinazobaki zinajumlishwa hadi 30. Washiriki wanagawanywa kwa uzoefu wao, na mtu anapata maoni ya majaji kwa maandishi.

Ya tatu ni kura za watazamaji. Anayeingia ukumbini anapewa kitu cha kupigia kura na kukiweka mbele ya modeli iliyomvutia.

Mimi naegemea ya pili. Wanafunzi kwetu ni wengi, na mwanafunzi aliyekosa zawadi bila kuelezwa kwa nini haji tena. Lakini nataka hoja za upande mwingine. Nawasilisha.

FundiRangi_Mwanjelwa

Mkuu, mimi ni wa nafasi, na sibanduki.

Watu wanataka kujua nani kaongoza. Ukienda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi achangie zawadi, swali lake la kwanza ni mshindi atakuwa nani. Ukimjibu huenda wakawa kumi na tano wote dhahabu, anafunga daftari. Halafu gharama: kwa nafasi, makundi manane ni medali 24, unaziagiza mapema na hesabu imefungwa. Kwa kiwango hujui idadi mpaka jaji wa mwisho aweke kalamu chini.

Na kulinganisha ni kwepesi kwa jaji mgeni. Mwoneshe Hiace mbili umuulize ipi imenyooka, atakuonesha. Muulize hii ni 7 au 8 kati ya 10, hapo kila mtu ana nane yake.

Ujaji wa nafasi ukifanywa vizuri unaanza na ufundi wa msingi, mapambo baadaye. Chukua tochi ndogo, ulaze mwanga wake sambamba na paa la basi. Maungio ambayo hayakupigwa msasa yatatupa kivuli hata kama rangi inang'aa. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila tairi, likipenya bila kugusa ujue tairi linaelea. Inama jicho liwe usawa wa meza, utazame mbele: bampa, taa na vioo vya pembeni vimekaa mstari mmoja? Kisha madirisha. Aliyebandika kwa supaglu utaona ukungu mweupe kwenye plastiki, kwa sababu mvuke wa gundi ile huganda juu yake. Aliyetumia gundi nyeupe ya mbao, dirisha lake ni safi. Majaji watatu wakipita hivyo kwenye kundi la modeli tano, hawahitaji kikokotoo.

Kihesa_IR

Kamwene wana Mbeya.

Fundi, hayo ya tochi nakubaliana nawe kabisa, na hakuna hata moja linalokatazwa na kiwango. Tochi ni ile ile.

Sisi wa Iringa tunakuja zaidi ya kilomita 300 na modeli tumeipakata, maana ukiiweka kwenye buti matuta yataimaliza. Unafika, majaji wanapita, jioni yanasomwa majina matatu. Wewe humo hamna. Umejifunza nini? Hujui kama ulikuwa wa nne kwa sababu ya tairi moja au ulikuwa wa mwisho kabisa. Kwa mtu aliyetumia nauli yake, karatasi ya maoni ina thamani kuliko medali.

Kuna na suala la kundi. Kundi likijaa mafundi wakali, modeli nzuri sana inarudi mikono mitupu. Kundi la jirani lina modeli tatu tu, basi hata iliyopinda inabeba ya tatu. Mwenye nayo anajua moyoni kwamba hakuistahili, na mtoto anajifunza kuchagua kundi lisilo na watu badala ya kuboresha kazi.

Gharama za medali zisiwatishe. Misonobari ya msitu wa Sao Hill iko jirani. Seremala wa Mafinga akikata vibao vya duara, mnakuwa na akiba ya kutosha, na siku yenyewe mnapiga muhuri wa dhahabu, fedha au shaba kadiri majaji walivyotoa. Vinavyobaki vinangoja mwaka ujao.

Mwl_Uyole

Habari zenu. Nawaongoza wanafunzi wa sekondari wanaojenga, kwa hiyo naongea kwa ajili yao.

Kura zisifutwe, ila zisitoe washindi. Mkimpa kila mgeni punje moja ya maharage aidondoshe kwenye kikombe kilicho mbele ya modeli, ukumbi unachangamka, wazazi wanazunguka meza zote na watoto wanasimama kueleza kazi zao. Hilo ni kubwa. Lakini kura hufuata ukubwa, mng'ao na taa. Basi la karatasi lenye taa zinazowaka litaipita ndege ya skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) ambayo mtu ameipaka kwa brashi ya nywele chache, kwa sababu mgeni hakuiona hata hiyo ndege. Na mwenye ndugu wengi mjini amekwisha kushinda kabla ya mlango kufunguliwa. Iwe zawadi moja tu, chaguo la watazamaji.

Kwa wanafunzi nachagua kiwango, na naomba wagawanywe kwa uzoefu kama AMPS. Umri usitumike. Nina binti wa kidato cha pili ambaye kazi yake ni safi kuliko ya watu wazima wengi. Mkimweka na watoto kwa sababu ya umri mtamzuia kukua.

Reli1067

Wakuu, tunabishana jinsi ya kupima kabla ya kusema tunapima nini.

Mwenye seti ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, anaanza na vipande vilivyotoka kiwandani vikiwa na vipimo sahihi. Kazi yake ni kuunganisha, kuziba maungio na kupaka. Anayejenga basi kwa boksi na chupa za maji anaanza na futi kamba, pale stendi, akipima gari lenyewe. Kuziweka meza moja kwa mfumo wa nafasi ni kumwonea wa pili. Jaji mwenye tochi ataona kingo za boksi kila mara, hata zikipakwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, zikapigwa msasa na puti. Plastiki itashinda kila mwaka, na vijana walioianzisha klabu wataondoka.

Na upande wa usahihi nao una mambo. Mimi najenga TAZARA. Reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina njia ya upana wa milimita 1,067. Reli za modeli zinazopatikana kwa wingi duniani zina upana wa milimita 16.5. Gawanya: inakuja karibu na 64. Kwa hiyo nikijenga kwa skeli ya 1/64, reli hizo zinakaa TAZARA sawasawa, na ndivyo wanavyofanya wenzetu wa Australia na New Zealand wenye njia ya upana huo huo. Lakini mtu akijenga behewa la TAZARA kwa 1/87, skeli maarufu kuliko zote kwa treni, akaliweka juu ya reli zile zile, ametengeneza njia ya milimita 1,435. Hiyo ni reli nyingine kabisa. Kwa 1/87 alihitaji reli za milimita 12 na kidogo. Jaji asiyejua ataona behewa limepakwa vizuri na kupita.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Makundi yagawanywe kati ya seti za kiwandani na za kujiundia. Na kila modeli iwe na kadi: skeli, imejengwa kwa nini, vipimo vilipatikana wapi. Bila kadi, mtu aliyepanda hadi Iyunga stesheni kupima behewa kwa mikono yake anaonekana sawa na aliyekisia kwa picha ya simu.

Mdau_Iyunga

Reli, hoja ya kadi naibeba kama ilivyo.

Fundi, vipi tukienda hivi: kila modeli inapimwa kwa kiwango, halafu zile tu zilizopata dhahabu zinawekwa meza moja na majaji wanazilinganisha kwa njia yako kupata Modeli Bora ya Mashindano? Mwenye duka anapata mshindi mmoja wa kupiga naye picha.

FundiRangi_Mwanjelwa

Hiyo nusu naikubali. Lakini kundi la mabasi liachwe kwa nafasi. Hawa vijana wanashindana kila wiki pale mtaani, wanajuana, wanataka kumjua namba moja. Ukiwapa dhahabu sita watagombana zaidi ya ukiwapa tatu zilizopangwa. Ila wekeni sharti kwamba mtu mmoja asichukue nafasi zote tatu za kundi hata akileta mabasi matano. Hao IPMS wa Marekani nao wana sharti kama hilo, na lina maana.

Makambako_Stesheni

Vijana wangu, mmesahau saa.

Chukueni modeli 60. Kiwango kikifanywa kwa haki, na maoni yakaandikwa, ni dakika tano kwa modeli kwa uchache. Hizo ni dakika 300, saa tano kwa timu moja. Watu wa Njombe na Iringa wana basi la kurudi. Mkiwa na timu mbili ni saa mbili na nusu, lakini timu mbili ni majaji wanane. Mnao wanane? Kwa nafasi, watatu wanatosha na wanamaliza kabla ya chakula cha mchana. Hii ndiyo sababu klabu ndogo nyingi hubaki na nafasi hata zikipenda kiwango.

Kama mtakwenda na kiwango, majaji wafundishwe kabla. Wekeni modeli tatu mezani, moja nzuri, moja ya kati, moja ya anayeanza. Kila jaji aandike alama bila kuongea. Kisha fungueni karatasi. Mmoja akiwa na 9 na mwingine 5 kwa modeli ile ile, waelezane mpaka wajue kila mmoja aliangalia nini. Rudieni na nyingine tatu. Mkishakaribiana, lile tatizo la Fundi la kila mtu na nane yake linapungua sana, na kuondoa alama ya chini kabisa kunamziba aliyekuja na chuki.

Jaji asiguse kundi ambalo yeye au mwanafunzi wake ameweka modeli. Na asishike modeli ya mtu. Akitaka kuona chini, amwite mwenyewe ainyanyue.

Kihesa_IR

Shikamoo mzee. Iringa tunaweza kuleta majaji wawili, na wako tayari kuja siku moja kabla kwa mafunzo hayo.

NjombeBaridi

Mimi nina neno kuhusu tarehe tu. Msiweke kati ya Desemba na Aprili. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi ya kupuliza inafanya ukungu mweupe inapokauka, na boksi linavimba kwenye kona. Juni na Julai ni kukavu, lakini baridi inaua mgandamizo wa kopo na rangi inatoka matone. Wanaojenga miezi hiyo waliweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kamwe si karibu na jiko. Mwishoni mwa Agosti au Septemba watu wamemaliza kupaka na Nane Nane imepita, kumbi zimepungua bei.

Wanaojengea maboksi meupe ya povu (styrofoam) yanayokingia runinga wakumbushwe pia: rangi ya kopo huyala yale. Yapakwe gundi nyeupe kwanza, mikono miwili, yakauke.

Mdau_Iyunga

Mzee wa Makambako, majaji sita tunao, pamoja na wawili wa Iringa wanatimia wanane. Napeleka kikaoni hivi: Septemba, kiwango kwa makundi yote isipokuwa mabasi, mabasi kwa nafasi kwa mwaka huu tu kisha tuulizane na vijana wenyewe, kadi kwa kila modeli, na maharage ya Mwalimu kwa zawadi moja.

Mafunzo ya majaji yatakuwa Jumamosi moja kabla ya mashindano, na nitamwomba Mwalimu alete modeli ya anayeanza kwa ajili ya zoezi, kwa ridhaa ya mwenyewe.

Mwl_Uyole

Ridhaa ipo, nimeshamuuliza. Ameomba jambo moja: karatasi za majaji wote wanne apewe, hata ile yenye alama iliyoondolewa.

Reli1067

Apewe. Na wa kujiundia tuambieni mapema urefu wa meza. Basi la mita 12 kwa skeli ya 1/24 ni sentimita 50, mkipanga kumi bega kwa bega bado mnahitaji nafasi ya jaji kuinama pande zote mbili.