Naomba ushauri: mkia mmoja au mikia miwili?

Ndugu wanakikundi, naomba mwongozo wenu kuhusu zoezi la takwimu ambalo mimi na mwenzangu tunaliandaa hapa Nakuru. Tulipima magunia 12 ya mahindi katika ghala moja, yanayouzwa kama magunia ya kilo 90, tukapata wastani wa kilo 88.6 na mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa uzito kuzunguka wastani) wa kilo 2.4. Thamani ya t, inayopima wastani wetu uko mbali kiasi gani na kilo 90 ukilinganisha na mtawanyiko huo, ni hasi 2.02, kwa digrii 11 za uhuru (idadi ya magunia kutoa moja). Katika kiwango cha asilimia 5 (uwezekano tunaoukubali wa kukataa kimakosa), mpaka wa mkia mmoja, yaani kupima upungufu tu, ni hasi 1.796, hivyo nadharia tete sifuri (kwamba wastani wa kweli ni kilo 90) inakataliwa. Lakini kwa mikia miwili, yaani kupima upungufu na ziada pia, mpaka ni 2.201 kila upande, nayo haikataliwi. Nimekokotoa upya kwa programu ya R na majibu ni yale yale.

Mwenzangu anashikilia mkia mmoja kwa kuwa mnunuzi huumizwa na upungufu tu (hoja nzuri, ingawa aliitoa baada ya kuyaona matokeo, jambo linalonitia shaka). Je, inaruhusiwa kuchagua mkia baada ya kupima? Na tukitumia mikia miwili, hitimisho liandikweje bila kudai kwamba tumethibitisha kilo 90?