Tupeane uzoefu: kasoro ya mhusika wa tanzia (tamthilia inayoishia kwa maangamizi) uliyowahi kuikuta ndani yako

Dereva wa Uyole
Wakuu, nimeirudia Mfalme Edipode, tamthilia ya kale ya Mgiriki Sofokile, tafsiri ya Samuel Mushi ya 1971. Nilipoisoma kidato cha tano niliona ni habari ya mkosi tu: mtu katabiriwa atamuua baba yake, basi. Safari hii nimekwama pale njia panda. Edipode na mzee aliye kwenye gari la farasi wanagombea nani apite kwanza, mzee anampiga kichwani, naye Edipode anamuua. Kumbe yule ni baba yake. Utabiri ulikuwepo, sawa, lakini mkono uliopiga ulikuwa wa hasira.

Njia panda yangu ni Uyole, Mbeya, barabara ya Tukuyu inapoachana na ya Dar. Nilikuwa na kirikuu imejaa viazi, mzee mmoja akanichomekea. Nikashuka na spana. Nilishamkunja shati ndipo nikaona siti ya nyuma kalazwa mama, kafunikwa khanga, anapumua kwa shida. Nilimwachia. Sikujua hata walifika hospitali au la. Mchezo una zaidi ya miaka 2,400, ila aya ile niliisoma jasho likinitoka.

Na ninyi je?

Mama Paina
Kamwene. Mimi ni yule mke wa Makbeth kwenye tamthilia ya Shakespeare, aliyemchochea mumewe amuue mfalme; naandika kwa uchungu. Mume wangu alikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha mbao hapa Mafinga. Hakutaka kugusa hela za watu. Ni mimi niliyemwambia mwanaume gani anaogopa, tutarudisha mbao zikiuzwa. Akachukua. Makbeth akishamuua mfalme anasikia sauti kwamba ameua usingizi. Wangu alikesha na redio mpaka alfajiri, miezi mitatu. Tukauza shamba la paina la miaka sita, miti haijakomaa, tukarudisha kimyakimya. Wachawi wa kwenye tamthilia, waliomtabiria Makbeth ufalme, siwalaumu tena. Walisema tu, tamaa ilikuwa nyumbani.

Dereva wa Uyole
Pole sana mama yangu. Asante kwa kutuamini.

Mjukuu wa Kiwira
Kaka, napinga kidogo. Hasira nakubali. Lakini Edipode anaangamia pia kwa kutaka kujua, na hilo siwezi kuliita kasoro. Mkewe anamsihi aache kuuliza, yeye anaendelea kuuliza mpaka mchungaji mzee anasema yote kuhusu wazazi wake. Mimi nilimtafuta baba yangu mzazi. Mama alinikataza, akalia, nikaenda hivyo hivyo. Nilimkuta Kyela, analima mpunga, ana masikio kama yangu. Sijutii. Ila mama hanisemeshi kama zamani.

Mama Paina
Mwanangu, unaenda kumwona mama yako?

Mjukuu wa Kiwira
Kila mwisho wa mwezi, mama. Nampelekea mchele. Anaupika, anausifu unavyonukia. Sijamwambia umetoka shamba la nani, na nadhani anajua.