Tupeane uzoefu: kujitegemea kwako kulikugharimu nani?

Mleta mada
Mbukwenyi wakuu. Nilihamia Dodoma 2017, mwaka mmoja baada ya Magufuli kutangaza kwamba serikali inakuja huku. Vyumba vilikuwa vinagombaniwa. Baba mdogo akanipokea kwake Area C, godoro sebuleni. Simsemi vibaya, alinilisha miezi saba sina kazi. Nilipopata, mshahara ukawa na wenyewe: luku mimi, ada za wadogo zangu mimi, na geti linafungwa saa mbili usiku kama bweni. Nilipomwambia nimepata chumba Nkuhungu hakugomba. Aliomba ufunguo, akaendelea kuangalia taarifa ya habari. Miaka miwili hatukupigiana simu. Nililala na kuamka nilivyotaka, na Idi ya kwanza nilikula chipsi kitandani peke yangu. Wenzangu yaliwakuta?

Wa Kizota
Niliondoka kwa dada nikijidai. Siku ya tatu gesi ikaisha. Nani nilimpigia? Endeleeni tu.

Mama wa Mpunguzi
Mwanangu, mimi sikuhama, nilikataa kuhama. Mume wangu alifariki akaniachia ekari moja ya mizabibu. Shemeji zangu wakataka nirudi kwetu, shamba wabaki nalo "kulitunza". Tulifika hadi baraza la kata, nikashinda. Lakini zamani siku ya kupogoa ukoo mzima ulikuwa shambani, jioni kazi imeisha watu wanacheka. Sasa mkasi ninao peke yangu, siku tisa, vidole vimevimba.

Msimu mmoja nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, nilipe vibarua. Zabibu ikishaiva haisubiri, na mnunuzi analijua hilo. Anataja bei yake huku wewe unasikia harufu ya zilizoanza kuchacha. Walionitoa kwenye lile deni ni wenzangu wa kikoba, na siku hizi nikinunua hata kitenge wananiuliza hela nimetoa wapi! Basi nimetoka mikononi mwa shemeji nikaingia mikononi mwa kikoba. Ila hawa niliwachagua mwenyewe, na nikichoka nao najua siku ya kuvunja kikoba.

Wa Kibaigwa
Niwapinge kidogo. Mwaka mvua ilipokata tukavuna mabua, kaka yangu alikuwa na magunia mawili ya mtama. Tuligawana kwa kisado, nyumba nne. Huyo kaka ananiingilia hadi ndoa, juzi kaniuliza kwa nini mke wangu ana simu mbili. Nikanyamaza, maana mtama wake nimeula. Sasa wewe wa Nkuhungu, njaa ikija na geti lako lisilofungwa, kisado utapokea kwa nani? Mnaita uhuru, huku kwetu tunaita kukosa watu.

Mleta mada
Mkuu wa Kibaigwa umenigusa penyewe. Ila na wewe, kunyamaza kwako huko ndiko kulikonihamisha mimi.

Mwaka jana baba mdogo alilazwa, nikaenda. Sikujua nianzie wapi. Akanitazama weee, kisha akauliza, "Huko Nkuhungu maji bado ya mgawo?" Sikuwahi kumwambia jinsi tunavyopata maji. Tukaongea maji mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Mama wa Mpunguzi, shikamoo. Mkasi wa mizabibu sijawahi kuushika, lakini Jumamosi huwa sina zamu. Unapogoa lini?

Mama wa Mpunguzi
Marahaba. Njoo, ila uvae viatu vya kufunika.