Flutter, React Native au Kotlin na Swift? Programu inayosoma kihisi cha Bluetooth usiku kucha

kihisi_usiku

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Nina wiki moja ya kuamua jambo nitakaloishi nalo kwa miaka.

Tuko wawili. Mimi nimeandika Kotlin, lugha ya programu za Android, miaka mitano; mwenzangu ni mtu wa JavaScript, lugha ya tovuti, na hajawahi kugusa Swift, ile ya iPhone. Kazi tuliyopewa ni programu ya simu inayosoma kihisi cha halijoto kilichowekwa ndani ya friji ya dawa. Kihisi kinapima kila dakika tano na kuhifadhi, simu ikiwa karibu inavuta vipimo kwa Bluetooth. Joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8, simu ilie, hata iwe saa nane usiku na skrini imezimwa. Kurasa zenyewe hazizidi sita: orodha ya friji, grafu, mipangilio, basi.

Mteja anataka Android na iPhone kwa pamoja, ndani ya miezi minne. Kila ninayemuuliza ananiambia Flutter, zana ya Google: unaandika mara moja kwa simu zote mbili, unamaliza. Mwenzangu anavutia React Native, inayofanya vivyo hivyo kwa JavaScript. Moyo wangu uko kwa Kotlin na Swift, ila sijui kama ni busara au ni mazoea tu. Hofu yangu kubwa ni usiku ambao kengele haitalia. Dawa ikishaharibika, haifai tena.

fundi_mkanda

Mkuu, nimepita njia hiyohiyo na programu ya mkanda wa kupima mapigo ya moyo. Tulianza na Flutter. Kurasa zote tulizimaliza kwa wiki tatu, zikapendeza, mteja akafurahi. Kisha tukafika kwenye Bluetooth usiku, tukakaa hapo miezi miwili.

Skrini ikiwa inawaka, kila kitu kilienda. Simu ikilala, vipimo vinakatika. Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 huzilaza programu simu ikiachwa bila kuguswa, na tangu toleo la 8 la 2017 hairuhusu huduma kujifanyia kazi nyuma ya pazia ovyo. Inabidi uwe na huduma yenye arifa inayoonekana muda wote, na kuanzia toleo la 14 utaje ni huduma ya aina gani. iPhone ina sheria zake: mfumo unaweza kuiamsha programu yako kihisi kinapotuma kitu, hata kama mfumo wenyewe ndio ulioifunga, lakini si baada ya mtumiaji kuifuta kwa kidole kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Yote hayo yako upande wa mfumo, na Flutter haikupunguzii hata moja. Tuliishia kuandika Kotlin huku, Swift kule, na Dart, lugha ya Flutter, katikati ya kuziunganisha. Airbnb walipotangaza mwaka 2018 kwamba wanaachana na React Native, waliandika jambo la namna hiyo: badala ya majukwaa mawili, wakajikuta wanatunza matatu.

Jingine, piga hesabu ya pakiti mapema, yaani vifurushi vya data ambavyo kihisi kinatuma. Kipimo kila dakika tano ni vipimo 288 kwa siku. Tuseme kila kimoja kina baiti 6, za saa na za joto. Bluetooth ya nishati ndogo kwa kawaida yake huanza na nafasi ya baiti 20 kwa pakiti, yaani vipimo vitatu, kwa hiyo siku moja ni pakiti 96. Ukipata nafasi ya baiti 180, pakiti kumi zinatosha. iPhone hupatana ukubwa huo na kihisi yenyewe. Kwenye Android ni wewe unayeomba. Friji ikikaa wiki nzima bila simu kupita karibu, utaiona tofauti.

nakshi_za_skrini

Naomba nisimame upande wa Flutter kidogo, maana nimekula mkate kwayo miaka mingi na inasemwa vibaya bila haki. Kule kukwamakwama kwa michoro kwenye iPhone kulikuwa kweli, lakini tangu toleo la 3.10 la mwaka 2023 injini ya Impeller ndiyo inayochora huko. React Native nayo toleo la 0.76 la 2024 limeweka muundo mpya kuwa wa kawaida, lile daraja la zamani kati ya JavaScript na simu halipo njiani tena. Kwa hiyo usizikatae kwa sababu ya kasi.

Ila kwa kazi yako sitakushawishi. Flutter inakuokolea kazi ya kurasa, na wewe kurasa unazo sita. Ungekuwa na hamsini za fomu na orodha, ningebishana hadi asubuhi.

bint_kotlin

Kaka, mbona hujataja Kotlin Multiplatform, ile njia ya kutumia Kotlin moja kwenye Android na iPhone? Imetangazwa kuwa thabiti tangu Novemba 2023. Kufasiri baiti za kihisi, hifadhidata, sheria za lini kengele ilie: andika mara moja kwa Kotlin unayoijua. Swift ibaki kwa kurasa na Bluetooth ya iPhone, mwenzako ajifunze hiyo tu. Na tafuteni iPhone halisi, kiigizaji cha kwenye Mac hakina Bluetooth. Halafu arifa kulia wakati iPhone imewekwa kimya kunahitaji kibali maalumu cha Apple, hata ukitumia lugha gani. Kiombeni leo.

kihisi_usiku

Asante dada, asanteni nyote. Kibali tumeshaomba.

Niliacha kurasa kabisa, nikaandika huduma tupu ya Kotlin, na programu ya Swift yenye kitufe kimoja. Nikaziacha simu mbili karibu na kihisi usiku. Android ilipata vipimo vyote. iPhone ilikatika saa tano, na kosa lilikuwa langu: kabla ya kulala niliifuta kwa kidole, kwa mazoea tu. Usiku wa pili sikuigusa, ikafika asubuhi.

Tumechukua njia ya bint_kotlin. Lakini kile kidole kimenikosesha raha, kwa sababu kila mtu mwenye iPhone hufanya hivyo. Nimemwambia mteja wazi kwamba hakuna lugha itakayoziba tundu hilo, na jana amekubali kihisi chenyewe kiwekwe king'ora ndani. Mwenzangu ameanza Swift. Ukurasa wa grafu ameumaliza leo.