Kamba, miguu au gym: kipi kinaingia kwenye ratiba ya mtu wa Kimara anayefanya kazi Kivukoni?

Mkazi_Kimara: Wakuu, naomba mchanganuo. Kutoka nyumbani saa 11 alfajiri, kurudi saa 2 usiku, siku tano. Kuruka kamba nyumbani, kutembea kipande cha njia, au gym ya mjini?

Kocha_Pwani: Mkuu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kukaza misuli siku mbili. Sharti la zamani la dakika 10 mfululizo liliondolewa, kwa hiyo vipande vidogo vinahesabika. Shuka basi la mwendokasi kituo cha Fire, malizia kwa miguu hadi Kivukoni. Ukikaza mwendo ni dakika 25 hivi, na kwa siku tano ni 125. Kipimo: uweze kuongea lakini ushindwe kuimba.

Binti_wa_Tanga: Naunga mkono, ila asubuhi tu. Jioni mwendokasi hujaza Kivukoni, ukiusubiri Fire unapita umeshiba. Vaa raba na fulana, shati la kazi liwe kwenye begi. Ukifika poa dakika 10 kwanza ndipo ubadili; ukiharakisha, jasho linaendelea kutoka ndani ya shati safi.

Kamba_Tu: Kwa mwenye dakika 10, kamba haina mpinzani. Kanyaga katikati yake, vishikio vifike kwapani. Ikizidi hapo inaburuta na kukunasa. Ruka sekunde 30, pumzika 30, mara 10. Wiki mbili za mwanzo iwe siku tatu tu, na usizifuatanishe. Wengi huacha kwa maumivu ya muundi, na chanzo ni kuruka juu mno kwenye zege bila viatu. Inua miguu sentimita 2 au 3, tua kwa mbele ya unyayo, zungusha vifundo vya mikono, si mabega. Kama kuna mpangaji chini yako, rukia uani.

Mkazi_Kimara: Na gym?

Kocha_Pwani: Vyuma ni vizuri, tatizo ni muda unaopotea pembeni. Kufika, kubadili nguo, kusubiri mashine, kuoga: nusu saa ya kazi inakula saa nzima na zaidi. Badala yake, nyumbani chukua begi la mgongoni, weka chupa 6 za maji za lita 1.5, hizo ni kilo 9. Zifunge kwa kanga zisicheze, maana mzigo ukihama unapinda kiuno. Skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) 10, pushapu 10, kuvuta begi kuelekea tumboni 10 huku umeinama na mgongo umenyooka. Mizunguko mitatu, Jumatano na Jumamosi. Ukimaliza ya 10 bila kuchoka, ongeza chupa.

Binti_wa_Tanga: Mwenye goti bovu au presha isiyotulia aanze na kutembea, kamba aizungumze kwanza na daktari.