Mjadala: Je, kimulimuli kitoshe kulifutia gari faini ya mwendokasi?

Katika mabishano yetu hapa Mbeya kuhusu kamera za mwendokasi, wengi wameunga mkono hoja kwamba gari lolote lililopigwa picha likiwa limewasha kimulimuli lifutiwe faini papo hapo, kwa kuwa kumtoza dereva wa gari la wagonjwa ni kumwadhibu kwa kuokoa maisha. Nia ya hoja hiyo naiheshimu, ila yenyewe siikubali.

Mama yangu mdogo aliwahi kutolewa Tukuyu usiku kuletwa hospitali ya rufaa. Dereva aliyempitisha salama kwenye ukungu wa Isyonje angedaiwa faini kwa safari ile, ningekwenda mwenyewe kumtetea. Lakini nimewahi pia kusimama njia panda ya Uyole, gari lenye kimulimuli likatupita kwa kasi likipiga king'ora, na kijana wa bodaboda aliyepakia magunia mawili ya viazi akakwepa hadi mtaroni, pikipiki ikamlalia mguu. Tulimnyanyua. Mbele kidogo nililikuta gari lile limeegeshwa, taa bado zinawaka, dereva anachagua mahindi ya kuchoma, na nyuma hamna mgonjwa.

Kwa kamera, madereva hao wawili ni sawa. Tena kimulimuli huwaka na kuzimika, na picha hunaswa katika sehemu ndogo sana ya sekunde, hivyo hata gari lililobeba mgonjwa mahututi laweza kuonekana halikuwasha chochote.

Uingereza, sheria yao ya 1984 huyasamehe magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi pale ambapo kufuata kikomo cha mwendo kungekwamisha kazi iliyokusudiwa. Kinachoulizwa ni kazi. Nao Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani humpa nafasi dereva wa dharura anayetoa ishara, kwa sharti kwamba asiwahatarishe wengine. Sharti hilo lina uzito kwetu, kwa sababu maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na gari linalokwenda 100 huhitaji umbali mara nne kusimama baada ya kukanyaga breki. Pale Mbalizi, malori ya Zambia yakiwa yamejipanga na watoto wakichungulia katikati yake ili wavuke, umbali huo haupo.

Kwa hiyo napendekeza picha itumwe kwa mmiliki kama ilivyo kwa gari lingine lolote, naye aoneshe daftari la safari: gari liliitwa saa ngapi, mgonjwa alichukuliwa wapi na alipokelewa saa ngapi. Likionesha dharura, faini ifutwe bila dereva kutoa hata shilingi. Lisipoonesha, alipe mwenyewe, wala isilipwe na ofisi.

Wanaotaka taa pekee itoshe, naomba watueleze lile gari la Uyole wangelitambuaje.